Mlimani au Dodoma: Soma Jina la Shahada Kabla ya Jina la Chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, familia nyingi za Tanzania huingia katika majuma ya mashauriano mazito. Kijana ametuma maombi vyuo kadhaa, majina yametangazwa, na amejikuta kwenye orodha mbili. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inamtaka athibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa, ndani ya siku zilizotangazwa, nazo ni chache. Baba ana neno lake, mjomba aliyesoma zamani ana lake, na mwalimu wa taaluma anapigiwa simu usiku aamue.

Mara nyingi vyuo vinavyobishaniwa ni viwili hivi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho watu wamezoea kukiita Mlimani, na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Vyote ni vya umma, vyote ni vikubwa, na vyote vinafundisha fani nyingi. Kwa kuwa vinafanana hivyo, mabishano huhamia upesi kwenye majina. Mmoja atasema Mlimani ndicho chuo, vingine vinafuata. Mwingine atajibu kwamba hayo ni mazoea ya wazee, na kwamba Dodoma kuna vyumba na Serikali yenyewe imehamia huko. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini wanabishania jambo ambalo lingepaswa kuja mwisho.

Nionavyo, mpangilio wa maswali ndio unaoharibu uamuzi. Tunaanza na jina la chuo, tunamalizia na kozi. Inafaa tuugeuze: kwanza jina la shahada na jinsi inavyofundishwa, pili gharama ya kuishi siku moja baada ya nyingine, tatu mji na kazi zilizomo, na jina la chuo baada ya hayo yote. Nitaeleza kwa nini, nikivipitia vyuo hivi viwili kama vilivyo.

Umri wa vyuo hivi unatuambia nini

Mlimani kilianza Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilianzia katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia kilimani, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Katika miaka hiyo Walter Rodney alifundisha hapo, Yoweri Museveni alisoma hapo, na mijadala ya ukombozi wa Afrika ilisikika mbali. Baadaye chuo kikazaa vingine. Kitivo cha kilimo Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na mwaka 2007 Muhimbili na Ardhi vikajitegemea.

Mwaka huohuo wa 2007 ndipo UDOM ilipoanza, ikiwa na eneo la takriban hekta 6,000 nje kidogo ya mji wa Dodoma. Ilianzia katika jengo la Chimwaga, lililokuwa ukumbi wa mikutano ya CCM, na Benjamin Mkapa akawa mkuu wake wa kwanza. Tangu mwanzo ilikusudiwa kupokea makumi ya maelfu ya wanafunzi, kwa sababu shule za sekondari zilikuwa zimeongezeka kwa kasi na vyuo vilivyokuwepo havikutosha. Wahitimu wake wa kwanza wa shahada za miaka mitatu walitoka mwaka 2010.

Pengo hilo la miaka 46 lina maana moja kubwa ambayo watu huihisi bila kuitaja. Waliosoma Mlimani ndio wengi miongoni mwa wakurugenzi, majaji, makatibu wakuu na maprofesa wa leo, kwa sababu kwa muda mrefu hapakuwa na mahali pengine pa kusomea. Wahitimu wa kwanza wa UDOM bado wako katikati ya safari yao ya kazi. Ifikapo 2030 watakuwa na miaka 20 kazini, na wao pia watakuwa wakiajiri. Kijana anayeanza chuo sasa atafikia umri wa kuhitaji mtandao huo wakati tofauti ikiwa imepungua sana. Anayemshauri kwa kutazama nani anakalia ofisi leo anamshauri kuhusu nchi iliyopita.

Kinachoandikwa kwenye tangazo la kazi

Mwajiri mkubwa kuliko wote kwa wahitimu wetu ni Serikali, na ajira nyingi za Serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Msomee kijana matangazo yake kadhaa kwa sauti. Tangazo linataka mwenye shahada ya kwanza katika fani fulani na fani fulani, kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Jina la chuo halimo. Jina la shahada limo, tena kwa usahihi unaotokana na miundo ya utumishi ya kada husika. Baada ya hapo kuna usaili wa kuandika na wa mahojiano, na siku hizi walimu nao wanaupitia. Karatasi ya usaili haimuulizi mtu alikaa hosteli gani.

Kwa sababu hiyo kuna hatari ambayo familia nyingi huigundua wakati imeshachelewa. Vyuo vimekuwa vikibuni shahada mpya zenye majina ya kuvutia. Baadhi ni nzuri na zinajibu mahitaji ya kweli. Lakini shahada yenye jina ambalo halimo katika miundo ya kada inayolengwa inaweza kumwacha mhitimu akieleza kila mara kwamba alichosoma kinafanana na kile kinachotakiwa, na mfumo wa maombi hausikilizi maelezo. Kabla ya kuuliza Mlimani au Dodoma, chukua majina mawili ya shahada kama yalivyoandikwa katika mwongozo wa udahili wa TCU, kisha yaweke kando ya matangazo ya kazi ya miaka miwili mitatu iliyopita. Moja likionekana mara kwa mara na jingine halionekani kabisa, sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanyika.

Katika taaluma zenye bodi, usawa wa vyuo ni wazi zaidi. Mhitimu wa sheria wa chuo chochote anayetaka kuwa wakili atapita Shule ya Sheria kwa Vitendo. Mhasibu atakaa mitihani ya NBAA. Mhandisi atasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Daktari atafanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa na Baraza la Madaktari. Milango hiyo hailegezwi kwa sababu ya jina la chuo. Inamtaka mtu aonyeshe anachokijua.

Hapa ndipo linapokuja kosa lililozoeleka la kuchukua kozi yoyote ile ilimradi iwe Mlimani, kwa matumaini ya kuhamia kozi nyingine baadaye. Uhamisho upo, lakini una muda wake, unadai sifa zilezile za kuingilia, na unategemea nafasi kubaki wazi. Kijana aliyependa takwimu akakubali kozi asiyoijua kwa ajili ya jina ataamka kila asubuhi kwa miaka mitatu akasome asichokitaka. Ikiwa kozi anayoitaka iko Dodoma na asiyoitaka iko Mlimani, aende Dodoma. Kinyume chake ni kweli vilevile.

Jina moja, miji mingi

Kabla ya kulinganisha, inafaa kujua kwamba anayesema anakwenda UDSM huenda hatakanyaga Mlimani mara nyingi. Ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya chuo hicho iko Kijitonyama. Anayesomea ualimu anaweza kupangiwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Chang'ombe, DUCE, au Mkwawa, MUCE, kilichopo Iringa. Na anayechagua udaktari UDSM akidhani atakuwa Dar es Salaam ajue kwamba ndaki ya afya ya chuo hicho iko Mbeya. Udaktari unaosomewa pale Muhimbili ni wa chuo kingine kinachojitegemea, MUHAS.

Kila mwaka wapo wazazi wanaopanga kijana afikie kwa shangazi Sinza, kumbe kozi yake iko mamia ya kilomita kutoka hapo. Jambo hili linaonyesha jinsi jina la chuo linavyoweza kuficha maisha halisi yaliyo chini yake. Soma jina la kampasi kwenye mwongozo wa TCU kama unavyosoma jina la kozi.

UDOM kwa upande wake iko karibu yote katika eneo moja kubwa, kila ndaki ikiwa na majengo na hosteli zake. Hilo lina faida ya kuwa karibu na darasa, na lina taabu yake: eneo ni pana, upepo na vumbi la kiangazi si haba, na kutoka ndaki moja hadi nyingine kunaweza kuhitaji bajaji.

Fani moja moja

Ukiyajua hayo, ulinganisho wa maana ni wa idara kwa idara.

Katika uhandisi wa ujenzi, mitambo, umeme na kemikali, Mlimani ina uzoefu mrefu. Kitivo chake cha uhandisi kilianza mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani, na utamaduni wa kumpeleka mwanafunzi mafunzo ya vitendo wakati wa likizo umekomaa. Karakana, walimu waliobobea na viwanda vya Dar es Salaam viko karibu. Aliyemaliza PCM na anataka kujenga madaraja au kuendesha mitambo, na amepata nafasi hapo, ana sababu nzuri za kuichukua.

Katika kompyuta hali ni tofauti. UDOM ilijenga ndaki nzima ya sayansi ya kompyuta na elimu angavu, CIVE, ikiwa na kozi zilizogawanywa kwa undani: uhandisi wa programu, usalama wa mitandao na uchunguzi wa kidijitali, mawasiliano ya simu, mifumo ya taarifa za afya. Mlimani kupitia Kijitonyama ina walimu wenye sifa na ukaribu wa kampuni za simu na za malipo. Hapa hakuna chuo kinachoweza kudai ubingwa kwa jina. Kinachoamua ni kozi mahususi na bidii ya mwanafunzi mwenyewe kwenye kibodi, kwani mwajiri wa programu atataka kuona ulichokitengeneza.

Katika udaktari, swali la kuuliza ni hospitali. Wanafunzi wa UDOM wana Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo katika eneo la chuo, ambayo mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Japani, pamoja na hospitali ya rufaa ya mkoa mjini. Wanafunzi wa UDSM wanafundishwa Mbeya, karibu na hospitali ya rufaa ya kanda inayohudumia Nyanda za Juu Kusini. Wote watasoma miaka mitano. Anayechagua aulize ni wanafunzi wangapi wanaosimama kwenye kitanda kimoja cha mgonjwa, maana udaktari hujifunzwa kwa kumgusa mgonjwa na kumsikiliza.

Katika Kiswahili na isimu, Mlimani ina TATAKI, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha Idara ya Kiswahili na TUKI, taasisi iliyotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Anayetaka kuwa mtafiti wa lugha hii hatapata kirahisi hazina kubwa ya vitabu na wanazuoni kuliko hapo. Katika sayansi za bahari na uvuvi jibu ni rahisi zaidi: Mlimani ina kampasi ya Kunduchi ufukweni na Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar.

Katika uchumi, takwimu, utawala na mipango, Dodoma imepata nguvu ambayo miaka 15 iliyopita haikuwa nayo. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016, wizara kadhaa zilianza kazi katika majengo ya UDOM yenyewe kabla ya kuhamia Mji wa Serikali Mtumba. Bunge liko huko, Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko huko, na Mahakama nayo imepeleka makao yake makuu huko. Mwanafunzi wa utawala wa umma anayetafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo wizarani hahitaji nauli ya basi la mikoani.

Kwa ualimu, kada inayochukua wahitimu wengi kuliko zote, tofauti ya majina ni ndogo kabisa. Masomo mawili ya kufundishia ndiyo yenye uzito. Mwalimu wa fizikia na hisabati aliyesoma popote ana nafasi kubwa ya kuajiriwa kuliko mwenye masomo ambayo walimu wake wamejaa.

Elfu kumi ya Dar na elfu kumi ya Dodoma

Sasa tuje kwenye fedha, jambo ambalo familia nyingi huliona aibu kulizungumza mbele ya kijana. Ada za vyuo vya umma hazipishani kwa kiasi cha kuamua maisha ya mtu. Kinachopishana ni gharama ya kuishi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa fedha ya chakula na malazi, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepewa kiwango kamili. Fungu la siku 60 ni shilingi 600,000. Hilo ndilo bumu ambalo wanafunzi hulisubiri kwa hamu. Kiwango ni kilekile kwa aliye Dar es Salaam na aliye Dodoma. Lakini shilingi 10,000 ya mwanafunzi anayelala hosteli na kutembea kwa miguu hadi darasani si sawa na shilingi 10,000 ya anayepanga geto Msewe au Changanyikeni na kudaiwa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Wala si sawa na ya anayeishi kwa ndugu Mbagala, anayeamka saa kumi alfajiri ili abadilishe daladala na kuwahi kipindi cha saa moja.

Mlimani imejitahidi. Kuna mabweni ya zamani kilimani, hosteli ya Mabibo, na mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017 yenye nafasi 3,840. Hata hivyo wanaohitaji vyumba ni wengi kuliko vyumba, na wa mwaka wa pili na wa tatu mara nyingi hujitafutia. UDOM ilijengwa pamoja na hosteli zake, na hiyo ni moja ya faida zake kubwa kwa mtoto wa mkulima. Chumba karibu na darasa ni muda wa kusoma. Kwa binti, chumba ndani ya chuo ni usalama pia, kwa sababu hatalazimika kutembea gizani akitoka maktaba wala kuishi kwa hisani ya mtu anayeweza kudai malipo yasiyofaa. Mzazi anayelipuuza hili kwa ajili ya jina la chuo anafanya hesabu mbaya.

Kwa upande mwingine, kijana ambaye kwao ni Ubungo au Mwenge, anayeweza kula na kulala nyumbani na kufika chuoni kwa safari moja fupi, ana unafuu ambao Dodoma haiwezi kumpa. Kwa anayetoka mbali, safari ni sehemu ya hesabu. Wa Mwanza, Tabora na Kigoma wanafika Dodoma kabla ya kufika Dar es Salaam. Wa Mtwara na Lindi mambo ni kinyume. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu anatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa takriban saa tatu na nusu, na nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 31,000. Umbali wa miji hii miwili umepungua kuliko wakati wowote.

Fedha inaingia darasani pia. Mwanafunzi aliyeishiwa bumu wiki tatu kabla ya mitihani hasomi vizuri, na sapu mbili tatu zinaweza kumfikisha kwenye kudisko. Mkopo ni deni litakalokatwa kwa asilimia 15 ya mshahara wake hata kama hakufaidi masomo. Na GPA ni namba inayomfuata mtu: matangazo ya nafasi za wakufunzi wasaidizi vyuoni kwa kawaida hutaka 3.8 na kuendelea. GPA ya 4.0 kutoka Dodoma ina faida kuliko 2.6 ya Mlimani, na ya 4.0 kutoka Mlimani ina faida kuliko 2.6 ya Dodoma. Chagua mahali ambapo mwanafunzi huyu, kwa hali yake hii, ataweza kuipata.

Orodha za ubora zinapima nini

Wengine wataleta simu na kuonyesha orodha za kimataifa zinazoiweka UDSM juu ya vyuo vingine vya Tanzania. Orodha hizo zina kazi yake, lakini msomaji ajue zinachopima. Uzito mkubwa uko kwenye utafiti: makala zilizochapishwa, mara ngapi zimenukuliwa, chuo kinaonekana kiasi gani kwenye intaneti. Chuo chenye maprofesa wengi na umri mrefu lazima kitangulie. Kwa anayekwenda kusoma shahada ya uzamivu hiyo ni habari ya maana. Kwa anayeanza mwaka wa kwanza katika ukumbi wa mamia ya wanafunzi, orodha haimwambii kama semina zinafanyika, kama majaribio yanasahihishwa kwa wakati, wala kama maabara ina kemikali. Na hupanga vyuo vizima, ilhali mtu husoma katika idara moja.

Pale jina linapostahili uzito

Nisionekane kudai kwamba jina ni bure. Kuna pale ambapo lina haki yake.

Kwanza, kwa anayelenga kusoma nje ya nchi au kuwa mwanazuoni, UDSM inajulikana kwa maprofesa wa kigeni kwa miaka 60, na barua ya pendekezo kutoka kwa mwalimu anayejulikana hufungua mlango. Pili, katika baadhi ya kampuni binafsi za Dar es Salaam, anayepitia barua za maombi alisoma Mlimani na ana imani na chuo chake. Si haki kamili, lakini ndivyo watu walivyo. Tatu, kuna utajiri wa fikra. Maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018, kwa msaada wa China, inaweza kupokea wasomaji zaidi ya 2,000, na Kigoda cha Mwalimu Nyerere, ambacho Profesa Issa Shivji alikuwa wa kwanza kukikalia, kimerudisha makongamano ya kujadili Afrika yetu. Kijana mwenye kiu ya mijadala atashiba hapo, mradi ahudhurie. Sifa za miaka ya 1970 hazimfikii mtu anayekwenda darasani na kurudi geto tu.

Vilevile ugeni wa UDOM una thamani yake. Idara changa humpa mwanafunzi hodari nafasi ya kuonekana mapema, na mji unaokua humpa mhitimu kazi zisizokuwa na foleni ya watangulizi. Dar es Salaam ina bandari, benki, vyombo vya habari na biashara. Dodoma ina Serikali na ujenzi unaoendelea. Ajiulize anataka kufanya kazi na nani.

Ikiwa basi shahada ni ileile, gharama anazimudu kokote, na mji wowote unamfaa, hapo jina la chuo liamue, na Mlimani itashinda mara nyingi. Ndiyo maana nimesema liwe la mwisho: huamua vizuri pale tu ambapo mambo mengine yamelingana.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuthibitisha

Siku za kuthibitisha zinatosha kwa simu tatu. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyohiyo, si ya jirani yake, katika kila chuo. Muulize darasa lao lina watu wangapi, na semina hufanyika au huandikwa kwenye ratiba tu. Muulize wameingia maabara au karakana mara ngapi muhula uliopita. Muulize wanaotafuta mafunzo kwa vitendo wanasaidiwa na idara au kila mtu anahangaika peke yake, wangapi walipata vyumba mwaka wa pili, na waliohitimu mwaka jana wako wapi. Majibu ya watu wawili wanaosoma sasa yana faida kuliko kumbukumbu za mjomba aliyehitimu mwaka 1988, kwa heshima zote anazostahili.

Kisha hakikisha mambo mawili ya kiutawala. Kwanza, mkopo hufuata chuo na kozi iliyothibitishwa, kwa hiyo usithibitishe ukidhani utabadilisha kila kitu baadaye bila usumbufu. Pili, kufikia sifa ya chini ya TCU, prinsipo mbili zenye jumla ya pointi nne kwa kozi nyingi, hakumhakikishii mtu kozi zinazogombewa. Aliyepata nafasi katika kozi nzuri asiiachie kwa ajili ya nafasi ambayo hajaipata katika awamu inayofuata. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma.

Kuna jambo ambalo mwanafunzi mmoja hawezi kulitatua. Maswali hayo yote, idadi ya wanafunzi darasani, wanaomaliza kwa wakati, wanaodisko, wanaopata kazi ndani ya mwaka mmoja, yangepaswa kuwa na majibu yaliyochapishwa kozi kwa kozi katika mwongozo uleule unaoorodhesha sifa za kuingilia. Vyuo vinazo takwimu nyingi kati ya hizo, na TCU ina mamlaka ya kuzidai. Siku zitakapowekwa hadharani, mtoto wa Kasulu asiye na ndugu aliyesoma chuo kikuu atachagua akiwa na taarifa sawa na mtoto wa profesa, na vyuo vyetu vitalazimika kushindana kwa jinsi vinavyofundisha. Wazazi na wanafunzi wana haki ya kulidai hilo sasa, na wabunge wanaokaa Dodoma, wengi wao wahitimu wa vyuo hivihivi, wana wajibu wa kulisimamia.

Hadi hapo, wewe uliye na namba ya siri mkononi, anza na jina la shahada. Hakikisha shahada hiyo inaongoza kwenye kazi unayoitaka, inafundishwa na watu na vifaa vilivyopo kweli, na unaweza kuishi mahali hapo kwa miaka mitatu, minne au mitano bila njaa na bila hofu. Chuo kinachotimiza hayo ndicho bora kwako, kiwe kilimani au Dodoma, na huna sababu ya kumwomba radhi mtu yeyote kwa kukichagua.